Haki ya Kunicheka Kaburini

Likasi, 3 Juni 1986

Mtani wangu Dominique,

Kuna jambo nimekuficha tangu siku tuliyojuana, na daktari anaona sitavuka baridi hii. Lakini anayekufa naye ana adabu, kwa hiyo salamu kwanza. Hujambo wewe? Mkeo Berthe hajambo? Na samaki wa ziwa lenu la Tshangalele? Mimi nimekonda hata kofia inaniangukia machoni.

Sasa sikiliza. Ukoo wangu na wako hazina utani. Niliutunga siku ile ulipofika kambini kwetu mgodini kutafuta kazi, watu wakakuzuia kuchota maji bombani. Nilisema, "Mwacheni, huyu ni mtani wangu." Wakacheka, wakakupisha.

Tangu hapo umekula kuku wangu na kunitukana mbele ya wakwe, nami nikavumilia kwa haki ya utani. Lakini ndugu zangu watatoka Kasai kunizika, na wanajua koo zote. Ukilala kaburini mpaka upewe jogoo, kama watani wafanyavyo, watakufukuza. Nami nataka unicheke siku hiyo.

Unajua hoja yangu ya siku zote: haki ni makubaliano ya watu, haina mzizi mwingine. Haki yetu ya utani hata makubaliano hayo haina.

Mtani wako, kama bado,
Symphorien

Tshangalele, 20 Juni 1986

Muzee mwalimu, mutani wangu,

Jambo sana. Minye niko muzima. Berthe anakupelekea samaki wakavu kwa mkono wa mutoto wetu Emérance. Meno yakikataa, kunywa mchuzi.

Hiyo siri nilijua zamani. Niliuliza baba yangu mwaka ule ule, akasema na watu wa Kasai hatuna utani. Nikamwambia, "Baba, nyamaza. Huyu mwalimu iko na kuku wazuri."

Ndugu zako usiwaogope. Waandikie kwamba weye na minye tumekubaliana. Si ndiyo haki yako hiyo? Watu wawili wanatosha.

Lakini kitu kimoja kinanisumbua. Miaka yote ulisema ulinitetea sababu ya desturi. Sasa unasema desturi haikuwako. Basi siku ile bombani ulisimama juu ya nini? Minye nasema muntu anazaliwa na haki yake ya maji, hata kambi nzima ikatae. Weye sema yako, pumzi ingaliko.

Mutani wako,
Dominique

Likasi, 2 Julai 1986

Mtani wangu,

Mchuzi ulishuka vizuri, mwambie Berthe. Habari ya kuku ilinichekesha mpaka binti yangu Adrienne akaja mbio, akidhani nakata roho. Ndugu zangu nimewaandikia. Jogoo ni yule mwekundu, na Adrienne anamlisha kuliko anavyonilisha mimi.

Swali lako nimelizunguka siku nyingi nikitafuta pa kukushinda. Sikupata. Nilipokuona na ndoo tupu, midomo imekupasuka, nilijua ni vibaya kabla sijawa na sababu. Utani niliutunga nikiwa njiani kuja bombani, ili watu wapate kitu cha kukubali.

Na hili sijamwambia hata padri. Kwamba wageni wasichote maji, tulikubaliana Jumapili iliyotangulia siku ile, kambi nzima, kwa kunyoosha mikono. Hakuna aliyepinga. Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wangu.

Mtani wako,
Symphorien