Jina la Kuandika Msalabani

Igoma, Mwanza
4 Februari 2024

Mama, shikamoo. Mimi mzima, ila vidole vimepasuka kwa barafu. Mgongo wako unaendeleaje?

Nasikia mnataka kumwekea kaka msalaba wa simenti. Mama, naomba jina lisiandikwe. Hapa kiwandani nakata minofu ya sangara kwa cheti chake cha kidato cha nne. Mimi niliishia cha pili, wasingenipokea. Watu wa kwetu Rorya wapo humu. Picha moja ya kaburi la Otuoma ikiingia kwenye simu zao, nimekwisha.

Mwanao,
Ogweno


Rorya
20 Februari 2024

Ogweno, marahaba. Mgongo ni ule ule. Kuku ndio wazima kuliko sisi.

Kwetu Wajaluo jina la marehemu hupewa mtoto mchanga, tena marehemu mwenyewe akishaliomba ndotoni. Wewe umelichukua udongo haujakauka. Msalaba nimeuacha mtupu. Majirani wanasema nimemsahau mwanangu. Rudi nyumbani. Samaki wapo na huku.

Mama yako


Igoma, Mwanza
9 Juni 2024

Mama, shikamoo. Nimekawia, unisamehe. Umeamkaje?

Wamebandika picha yangu ukutani: Otuoma, mfanyakazi bora. Nilifurahi, halafu nikakosa wa kumpongeza, yeye au mimi. Zamani wakiita jina hilo nilichelewa kuitika. Siku hizi nageuka kabla hawajamaliza. Hata nikichoka najiambia, "Otuoma, vumilia." Nimekuwa mpole kama yeye. Mimi, yule mkorofi wako! Nadhani mtu hajioni mwenyewe, hujiona kwa wanaomwita. Hapa barua zako tu ndizo huniita Ogweno, nazo nikishazisoma nazichoma moto.

Mwanao


Rorya
2 Septemba 2024

Mwanangu, huku tuko wazima. Natumaini vidole vimepona.

Wiki iliyopita nilikuja Mwanza bila kukuambia. Nilimuuliza mlinzi wa geti habari za Ogweno. Akasema, "Mama, huyo hatuna." Jina lile lingine halikunitoka mdomoni, mwenye jina nilishamzika. Nikasubiri zamu itoke. Ulinipita karibu, unacheka na wenzako. Nikaita, "Ogweno!" Mara mbili. Wenzako waligeuka, wewe hukugeuka. Nakujua ukijifanya. Hukujifanya. Kisha mtu akaita Otuoma, ukaitika papo hapo. Nikajifunga kanga nikarudi stendi.

Jana fundi alikuja, akauliza aandike nani msalabani. Nikamwambia, andika Ogweno.

Simenti imekauka. Wapige picha wanavyotaka, kazi yako iko salama.

Mama Ogweno