Viatu Vilivyokula Ng'ombe wa Mahari

Janvier, mchumba wangu uliye ng'ambo ya mpaka,

Salamu zako zimefika. Dada yako alikuja nazo hapa Gisenyi, akakaa kwenye kiti cha mama, akanywa chai, akasema unataka kurudi kumwomba radhi baba yangu. Nilifurahi, nisikufiche. Kisha akaongeza kwamba umeshanunua na koti la kujia. Ayiwee, Janvier! Nilicheka mpaka akaweka kikombe chini.

Unajua kwa nini nilicheka. Siku ya kuniposa, ng'ombe wa mahari alikuwa ameshakubaliwa, na baba, mtu wa Karagwe aliyerudi Rwanda akiswaga mifugo yake, alikuwa amemwandalia nafasi malishoni Cyanzarwe. Ukaingia hemani na suti, na viatu vipya vyenye ile nembo yako ya ndege mweupe. Wazee wakaongea, wakataniana, wakafika kwenye ng'ombe. Mjomba wako akakutazama. Ukasema, "Bon, muzee, ngombe iko njiani." Njiani wapi! Pesa zake ulikuwa umeshaziacha dukani. Ng'ombe ulikuwa umemvaa miguuni. Baba akainama akavitazama viatu vyako, akasema taratibu, "Kijana, hivi havitoi maziwa." Hema zima likaangua kicheko, na mimi nyuma ya pazia nikalia.

Baadaye uliniambia ulidhani wakwe watakupima kwa viatu kwanza. Nilikuamini, na bado nakuamini. Nilikuwa nimekuona mara nyingi madukani Goma. Ukifika penye nembo ile macho yanabadilika, mkono unashika kiatu hata hujauliza kama kinakutosha. Tukitoka unatembea kifua mbele, unanishika kiuno, unaimba. Tukifika kwenye kizuizi cha mpaka umeshanyamaza, na furaha imeisha hata mfuko haujafunguliwa. Chini ya kitanda chako makasha yamebanana, mengine hujawahi kuyagusa. Nilipokuuliza unatafuta nini humo ulinijia juu: "Shuleni walikuwa wananicheka juu ya sandali za plastiki! Bila ile ndege, mi niko nani?"

Leo nina jibu la swali lako, tena sibabaiki.

Unakumbuka tulivyokwenda kwenye maji ya moto kule Rubona? Ulivua viatu, ukavilaza juu ya jiwe kama unalaza mtoto mchanga, ukatumbukiza miguu, ukapiga ukelele, "Mungu wangu, inaunguza!" Bibi mmoja aliyekuja kutibu magoti yake akakucheka mpaka akakohoa. Ukasogea, ukaanza kumkanda, huku ukimsimulia vituko vya nyanya yako mpaka akasahau maumivu. Nikaona kidole chako kidogo cha mguu kimepinda. Nilikuwa sijawahi kukiona, nikakipenda papo hapo. Tulipoondoka ulikuwa unaongea na kuongea, tukafika barabarani ndipo ukashtuka kwamba uko pekupeku. Viatu ulivisahau jiweni! Wewe, Janvier, ulisahau viatu! Huyo ndiye niliyekubali kuolewa naye, na hakuwa na ndege wala manyoya.

Hasira zimeniisha. Nimekukumbuka, hasa Jumapili nikipita kando ya ziwa na kuwaona wenzangu wawili wawili. Lakini koti sitaolewa nalo. Ukija nalo utaniletea yule kijana wa hemani, na yule tumeshamjua. Baba naye, ile nafasi ya malishoni hajampa ng'ombe mwingine. Nikimuuliza kwa nini, anajifanya hasikii, mzee mkaidi yule. Kumbe na yeye anakungoja.

Basi, usije nyumbani kwanza. Jumapili baada ya misa nitakuwa Rubona, miguu yangu majini. Koti mpe dada yako alirudishe dukani. Viatu vivulie barabarani, ushuke pekupeku mpaka nilipo, watu wakuone, wacheke wakitaka. Nitacheka nao, halafu nitakusogezea jiwe ukae. Ya ng'ombe tutayaongea na baba pole pole, ukiwa umekaa.

Ila nikiona hata soksi, naondoka.

Ni mimi,
mchumba wako mpaka Jumapili