Medali za Mume Wangu Nilizozisugua kwa Majivu

Mama Nyirabagenzi mpendwa, mshauri wetu, nisaidie, mimi ni mke wa wiki tano tu hapa Mweso na nina furaha mpaka majirani wananicheka, kwa sababu Mungu amenipa Hilaire, mfanyabiashara wa Butembo mwenye sauti ya taratibu, ambaye jioni ya kwanza nyumbani kwake alinifungulia sanduku lenye medali kumi na moja za shaba, za zamani kabisa, zenye sura za wafalme, magavana na marais, zile walizotunukiwa machifu na walimu wa wakati ule, akanieleza moja moja nani aliivaa na kwa kazi gani, nami nikamwuliza, "Na huyu mukali, unamupenda?" akacheka: "Haiko juu nabapenda, chérie. Ni juu batoto yetu babaangalie mu macho." Si kwa kuwapenda, bali watoto wetu wawatazame machoni: Mama, nilimpenda mara ya pili!

Wiki iliyopita alikwenda Butembo kuchukua bidhaa, akaniachia ufunguo wa sanduku, ambao hata mama yake hajawahi kuushika, nami nikataka kumfurahisha, maana kwetu bibi arusi hujulikana kwa sufuria zake, mama mkwe akipita ajione ndani yake kama kwenye kioo, basi nikachukua majivu na ndimu nikasugua medali tatu mpaka wafalme wakang'aa, kisha nikampigia simu kumwuliza kama angependa medali zisafishwe, naye akasema, "Mutu asizisugue hata kidogo! Ile rangi ya kahawia njo miaka yake. Ikitoka, hairudi." Nikakata simu bila kumwambia kwamba tatu nimeshazisugua. Dada yake Dorothée ananiambia, "Pakaa cirage ya viatu, ile ya kahawia, wee! Banaume habaonake kitu." Hilaire anarudi Jumamosi. Naogopa atanidai ufunguo wake, na hataniamini tena. Nifanye nini?

Anastasie, Mweso

Anastasie binti yangu, hongera kwa ndoa, na hongera kwa mume mwenye sanduku kama hilo; wengi wameyeyusha medali zao au wamewapa watoto wachezee. Lakini majivu! Ulimsugua mfalme kama sufuria, kisha ndipo ukauliza? Hata hivyo, bidii uliyolelewa nayo si aibu, na Hilaire naye alikueleza kila uso akasahau kukueleza rangi.

Cirage usiiguse. Majivu ni kosa, cirage ni uongo, na mtu anayejua kila mkwaruzo wa medali zake ataunusa uongo huo kabla hajavua viatu. Hapo ndipo ufunguo utakuponyoka, na Dorothée hatakuwepo kukutetea.

Zile tatu zisuuze kwa maji safi, maana ndimu bado inazila. Zikaushe kwa kitambaa laini. Nane zilizobaki ziache. Shaba itafifia tena polepole, ingawa rangi ile ya zamani imekwenda, usimdanganye wala usijidanganye. Kisha mpigie leo, usingoje Jumamosi, umwambie: "Nilizisugua kabla ya kukuuliza. Ni tatu, na ni mimi." Usilie kabla hujamaliza. Usiongeze visingizio. Akikasirika, ni haki yake. Anayetunza hata sura za watu asiowapenda, hatamtupa mke anayempenda kwa ukweli mmoja uliosemwa mapema.

Haya, weka karatasi hii chini, shika simu.