Simu ya Bibi kwa Daktari

Jumatatu, 3 Machi
Nguo nimeanua, unga wa uji nimeshachekecha. Sasa nimekaa. Tumerudi kutoka kliniki ya Cheyo vilevile, binti yangu Kabula hajatolewa damu. Aliingia chini ya meza, akamng'ata muuguzi. Bila kipimo hicho daktari hawezi kumwanzishia dawa ya selimundu. Miaka mitano tu, na mifupa inamuuma mpaka analala sakafuni. Mungu wangu, nimechoka.

Jumanne, 4 Machi
Kabula kagoma kumaliza uji. Mama mkwe akamwambia, "Kunywa, au nampigia daktari aje na sindano." Akashika simu kabisa, akaiweka sikioni. Mtoto kanywa huku anaitazama simu. Mtaa mzima wanatishia watoto hivyohivyo. Nimekasirika. Naanzaje kumrekebisha mama wa mume wangu?

Jumatano ya Majivu, 5 Machi
Nimepakwa majivu. Kutoka kanisani nikapitia kwa muuguzi kumwomba radhi. Alicheka, akasema binti ana meno imara. Kasema Jumatatu tusimkandamize, wala tusimwambie haiumi. Apakatwe, achague mkono, aambiwe ukweli. Na vitisho vya nyumbani viishe. Hapo ndipo penye kazi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimesema. Nilipiga magoti kama ninavyomwamkia, nikamwambia, "Mama, nakuomba, tusimtishe tena Kabula kwa sindano." Akauliza kama nimekuja kumfundisha kulea, yeye aliyemlea huyo mume wangu. Akaingia chumbani. Chakula hakugusa. Naogopa.

Jumapili, 9 Machi
Kwenye Misa mama mkwe alikaa benchi la mbali. Shikamoo yangu kaiitikia kavu. Kesho kliniki. Nimesali rozari, moyo bado mzito.

Jumatatu, 10 Machi
Nilimkuta mlangoni kajifunga kitenge chake cha kanisani. Akatufuata nyuma. Kliniki akampakata Kabula yeye mwenyewe. Mtoto akamuuliza, "Bibi, ni wewe umempigia?"
Mama mkwe kainama. "Sijampigia hata siku moja, mjukuu wangu. Hata namba yake sina. Nilikuwa nakudanganya."
Kisha akamwambia itauma kidogo, itaisha, na yeye hatamwachia. Kabula akachagua mkono wa kushoto. Alilia, ndiyo. Alilia kifuani kwa bibi yake, lakini mkono hakuuvuta. Damu imepatikana. Asante Yesu.

Jumanne, 11 Machi
Kabula kabakiza uji. Mama mkwe akaangalia kikombe, akaangalia simu yake mezani. Akachukua kikombe, akawapelekea kuku.