Vizibao Viwili Kando ya Reli

Jumanne, 17 Juni. Soga.

Tairi langu la nyuma limelegea tena. Pampu mara mbili kabla ya chai, mara moja njiani. Siku ya pili tangu tutoke nyumbani Kibaha, na makalio bado hayajazoea. Jana tulifuata njia ya bomba la maji hadi Mlandizi, leo njia ya pembeni ya reli. Hakuna gari hata moja. Ndiyo masharti ya likizo hii: wiki nzima, baiskeli tu, injini hapana. Kisarawe, Maneromango, Chole, kisha turudi kwa njia hii hii.

Mume wangu, Baba Neema, ana mambo yake. Mwalimu wa jiografia hata likizo haachi. Kila penye kona au kalavati anasimama, anasoma ile mita ndogo ya gurudumu, anaandika kwenye daftari. Ni yeye pia aliyenunua hivi vizibao vya rangi ya machungwa vyenye mistari ya kung'aa. Eti tuonekane. Na nani, wakati magari yenyewe hakuna? Nimevaa ili yaishe.

Kabla ya kufika Soga, mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya mihogo mbele ya nyumba yake. Nyumba ya udongo, bati safi. Nikamwamkia, akaitikia vizuri. Akauliza tunapima nini. Baba Neema alikuwa ameshatangulia. Nikamjibu, "Reli ya pili, mzee. Inapita katikati ya kitanda chako. Jumamosi greda linakuja." Kisu kikasimama kwenye muhogo. Nikapanda baiskeli nikaondoka.

Nimecheka njia nzima. Yule Mzaramo, mimi Mnyamwezi, watani tangu enzi za mababu. Nadhani lafudhi yangu ya Tabora imeshamwambia. Nimemwacha hivyo hivyo makusudi. Tukirudi nitapita kumalizia, atanitukana, tutacheka wote.

Jumatano, 18 Juni. Kisarawe.

Mchanga mwingi. Nimechoka hadi kope.

Kuna kitu hakiko sawa. Tangu asubuhi watu wamesimama mbele ya nyumba zao, kimya. Hawatushangai. Ni kama walikuwa wanatusubiri. Mama mmoja aliitikia salamu huku anawaingiza watoto ndani. Tulipopumzika penye genge la matunda, mwanamume mmoja alipiga simu akitutazama. Nilisikia: "Wawili. Mwanamke mnene." Mnene! Nilikasirika kwanza, halafu nikaogopa.

Baba Neema anasema watu hawajazoea kumwona mama wa miaka hamsini na mbili juu ya baiskeli. Huenda.

Sijamwambia habari ya yule mzee. Hakuna cha kumwambia.

Alhamisi, 19 Juni. Maneromango.

Miche.

Imeanza kijiji cha pili baada ya Kisarawe. Minazi, michungwa, imepandwa kwa mstari kandokando ya njia, udongo bado umelowa. Nani anapanda minazi Juni, mvua zimekwisha? Baba Neema alisimama akaanza kuandika. Nikamwambia kwa ukali afunge hilo daftari. Alinishangaa.

Mbele kidogo bwana mmoja alikuwa anasimamisha fito za nyumba mpya, karibu zimguse mpita njia. Akamfuata mume wangu, kofia mkononi. "Mheshimiwa, mimi namba yangu ya ngapi?" Baba Neema akamwambia sisi tunatembea tu. Tunatembea! Watu wazima, wenye mishahara, kwa baiskeli, bila gunia la mkaa wala tenga la kuku. Yule bwana alitabasamu kwa adabu. Hakuamini hata kidogo.

Nimeelewa leo, nikiwa nateremka mlima, mikono kwenye breki. Wanatuona wapimaji. Wanapanda na kujenga ili waingie kwenye fidia. Maneno yangu yametangulia kwa simu, nasi tunayafuata nyuma kwa pedeli.

Nimevua kizibao. Nimekisokomeza chini kabisa ya begi. Kimechelewa kuvuliwa.

Ijumaa, 20 Juni. Maneromango tena.

Chole hatukufika. Nusu ya njia tulikuta gogo limelazwa kukata njia, bichi, linatoa utomvu. Hapakuwa na mtu. Halafu tukasikia panga likigonga mti, upande wa kushoto, taratibu, bila haraka yoyote. Tukageuza. Tulikanyaga pedeli bila kusimama hadi tulipoona nyumba.

Jioni mama mwenye nyumba ya kulala wageni alituletea ugali na mlenda, akakaa kupiga soga. Hajui ni sisi. Anasimulia tu habari za siku. Huko karibu na Soga wapimaji wamepita, mwanamke wao hana huruma. Kuna mzee anaitwa Pazi, kaka wa shemeji yake, kesho anamhamisha mkewe. Nikauliza anamhamishia wapi.

"Kaburi lake, mama. Marehemu Bi Tatu alizikwa nyuma ya nyumba, usawa wa chumba chao. Si greda linapita kesho?"

Nikarudisha tonge sahanini.

Kaburi sikuliona. Nilisimama mbele ya nyumba. Sikuliona.

Nimemwambia Baba Neema yote. Amelifunga daftari lake, akanitangulia kwenda kwa mwenye nyumba. Tulimsihi yule mama apige simu. Kwa shemeji yake haipatikani. Mzee Pazi mwenyewe hana simu. Dereva wa pikipiki amekataa kwenda leo, barabara mbovu, giza. Atanichukua kesho alfajiri. Masharti ya injini yamekufa, na sijali.

Nina aibu. Nasema wazi, nina aibu na ninaogopa kufika.

Jumamosi, 21 Juni. Soga.

Nimefika saa tatu na robo. Nimechelewa.

Walianza mara tu baada ya sala ya alfajiri. Majirani walikuwa wanakunja mikeka. Nyuma ya nyumba, shimo wazi, udongo umelundikwa pembeni, jembe limelala juu yake. Nyumba haina bati. Mabati yote yameegemezwa ukutani, misumari imekusanywa kwenye kopo. Mzee Pazi alikuwa amekaa kwenye kigoda kile kile.

Nilipiga magoti. Nikamwambia hakuna reli. Hakuna greda. Ulikuwa utani, mimi Mnyamwezi wa Tabora. Nilitamani anipige.

"Mnyamwezi," akasema. Akanitazama weee. "Mbona siku ile hukusema?"

 

Akaanza kusema, si kwangu hasa. Miaka kumi na mmoja tangu amzike. Alijua atakuta mifupa, hakujua itakuwa michache vile. Alimnyanyua mwenyewe, hakuhitaji mtu wa pili. Sanda waliyonunua ilibaki zaidi ya nusu.

Kisha akanyoosha kidole. "Wewe si mtani? Jembe lile pale."

Ndivyo ilivyo, kwao na kwetu. Msibani watani ndio wanaoshika jembe. Wanachimba, wanafukia, wanamtania maiti hadi wafiwa wacheke. Nimefukia shimo tupu peke yangu hadi adhuhuri. Jirani mmoja alitaka kunisaidia, mzee akamkataza. Sikumtania mtu. Hakuna aliyecheka.

Jumapili, 22 Juni. Nyumbani.

Baba Neema amefika jana usiku na baiskeli zote mbili juu ya lori la mananasi. Vijiji vyote alivyopita amewaambia watu ukweli. Wamemshukuru, wakaendelea kumwagilia.

Viganja vyangu vimechubuka. Amevipaka mafuta. Kesho tunakwenda kuezeka.

Jumamosi, 28 Juni. Nyumbani.

Nimekwenda tena leo, peke yangu, kwa baiskeli. Bila kizibao. Kaubaridi kidogo asubuhi, tairi limekaa vizuri.

Miche imefika hadi njia ya reli. Mingi imenyauka, watu wamechoka kubeba ndoo. Salamu wanaitikia, basi.

Bati limekaa sawa juu ya nyumba. Kaburi jipya la Bi Tatu liko mbali na reli, chini ya mkorosho, mpakani mwa shamba. Nilibeba mawe kutoka bondeni nikawa nayapanga kulizunguka. Mzee Pazi alikuja akasimama nyuma yangu. Alingoja hadi nilipomaliza upande mmoja.

"Na hapa, mtani," akauliza. "Hapa hawatakuja kupima?"

Ameniita mtani. Ningetoa chochote niweze kumwambia hapana. Treni ilikuwa inapita upande wa Soga, tukangoja imalize.

Nikamwambia sijui.

Akaitikia kwa kichwa, akainama, akanipa jiwe jingine.