Msasa Juu ya Ubao wa Baba

Jumamosi. Jua la Kwa Vonza limeamka na hasira, na upepo unaleta vumbi hadi ndani ya chai. Mimi nimetulia tu, sina furaha wala huzuni.

Leo nimemaliza kuunda longbodi yangu ya pili, ule ubao wa magurudumu manne unaosimama juu yake na kuusukuma kwa mguu. Ya kwanza ilikuwa ya kasi: ubao mfupi, magurudumu madogo magumu, na bushi ngumu, vile vipira vya ndani ya traki, vyuma vinavyoshika magurudumu, ili isiyumbe mteremkoni. Niliinunua nikiwa mwanafunzi Nairobi kwa sababu wenzangu wote walikuwa na za aina hiyo. Sikujiuliza mimi naendesha vipi. Mwaka jana nikateremka nayo kule Mbumbuni, gurudumu likakutana na mchanga uliomwagwa na lori, likasimama. Mimi sikusimama.

Kifundo cha mguu kimepona. Ila tangu siku hiyo sijapanda tena, na sijamwambia mtu.

Miezi miwili nimekuwa nikichagua vipuri. Kuchagua ni kazi tamu sana kwa mwoga.

Safari hii nilianza kwa kujiuliza naenda wapi. Naenda shuleni ninakofundisha kemia, lami tambarare mwanzo hadi mwisho. Sitaki kuruka, sitaki kasi. Basi nikataka ubao mrefu usio na mkia, wenye matundu ya kupitishia traki, ili ukae chini karibu na lami na mguu unaosukuma usichoke. Magurudumu nikachukua makubwa na laini, maana malori ya mchanga hayataacha kumwaga. Bushi laini pia: mimi ni mwepesi, na kwenye kona napenda kuegemea tu. Beringi nilizitoa kwenye ile ya zamani nikaziosha kwa petroli. Hazikuwa na kosa.

Ubao alichonga baba. Amechonga twiga na vigoda maisha yake yote, na sasa macho yamebaki na mwanga kidogo tu, kwa hivyo anachonga kwa viganja. Nilimpa vipimo kwa kamba yenye mafundo. Akachagua mwarubaini uliokauka vizuri, na alipomaliza kuchonga akaupiga msasa siku nne, kisha akaupaka polishi ya viatu kama twiga wa kuuzwa. Uling'aa. Nilipoweka kiatu juu, kikateleza.

Kosa ni langu. Nilimwambia urefu na upana, nikasahau kumwambia kwamba juu panatakiwa kukwaruza.

Longbodi hubandikwa msasa wenye gundi ili kiatu kishike. Huo msasa ninao tangu mwezi jana, na nimeshindwa kuubandika. Kila mara baba akija hupitisha kiganja juu ya ubao taratibu, akatabasamu. Amesema mwenyewe kwamba huenda ndio wa mwisho. Kumrudishia mkwaruzo alioutoa kwa siku nne niliona ni kumtukana.

Nikafikiria kuutundika ukutani. Wazo hilo lilinifurahisha mno, na hapo ndipo nilipoanza kujishuku.

Leo asubuhi nimebandika.

Saa nne baba akaingia. Akaketi, akauweka ubao magotini, akapitisha kiganja. Kiganja kikasimama.

"Mwiitu," akaniita, yaani binti kwa Kikamba, vile anavyoniita tangu utotoni, "nani ameharibu hii?"

"Ni mimi, baba. Juu lazima ikwaruze ndio kiatu ishike. Nilisahau kukwambia. Pole."

Niliona aibu hadi masikioni. Akaugeuza ubao, akapapasa tumbo lake ambalo bado ni laini, akaugeuza tena na kuukuna msasa kwa ukucha.

"Kwani hii si ya kuangalia?"

"Ni ya kupanda."

"Na umeipanda?"

Nikatazama kifundo cha mguu.

Baba akauweka ubao sakafuni, akapiga magoti polepole, akashika ukingo kwa mikono miwili. "Simama. Mti ikitaka kupasuka, mimi nitasikia."

Nikasimama, mguu ulioumia ukiwa mbele. Baba aliinamisha kichwa muda mrefu, akisikiliza.

"Mti iko sawa," akasema. "Ni wewe unatetemeka."

Hakuondoa mikono. Nami sikushuka.

Jumatatu naenda kazini juu yake. Baba amesema atakuwa amekaa kando ya lami, asikie nikipita.