Kuku Asiye na Firigisi

Adaora, nimejifungia msalani kwa wakwe. Krismasi yangu ya kwanza kwao, na nilikuwa nimeapa watanipenda.

Nimekula firigisi ya kuku. Ndiyo, ile ya baba mkwe! Nilikuwa naonja chumvi tu.

Unajua kwao hushukuru mmoja mmoja kabla ya kula. Mama mkwe akaanza, macho ameyafumba, sauti ya malaika: "Asante Bwana kwa mke wa Kosi uliyetuletea. Na asante kwa kuku huyu, uliyemuumba bila firigisi."

Bila firigisi, Adaora! Ukoo mzima ukaitika "Amina." Kosi, mtetezi wangu, ndiye aliyeitika kwa nguvu kuliko wote.

Zamu yangu ikafika. Nikashukuru kwa afya, kwa safari njema, kwa vumbi la Desemba. Nikaishiwa. Nikasema, "Nisamehe Bwana, ilikuwa tamu."

Baba mkwe akafumbua jicho moja.

"Tamu? Mwanangu, miaka thelathini mama yako ananilisha firigisi ngumu kama soli. Kuanzia leo jiko la Krismasi ni lako."

Asante sana, baba, umeniokoa kweli.

Mama mkwe anagonga mlango sasa hivi. Anasema eti tushukuru tena, sisi wawili tu.